Niliapa Kwamba Mume Wangu ni Mgeni

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hawajalisoma, nitarudia kwa kifupi. Sitarudia tena, maana kila nikirudia nakasirika upya.

Mimi ni Mwantumu wa Nanganga. Mume wangu Ausi alikuwa bondia, Mmakua wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno. Alikuja Nachingwea mwezi wa Machi mwaka wa hamsini na moja kupigana na mabondia wa kambi za mradi wa karanga wa Waingereza. Alinikuta sokoni nauza ufuta, tukabishana bei, na mwezi wa Mei akanioa.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi Selestini, karani wa kodi, alivyoingia uani kwetu Ausi akiwa Zanzibar kwenye pambano. Alikuwa mpole kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Aliniuliza mume wangu kwao wapi, nikamjibu kwao ni hapa. Akaniuliza kama huko anakokwenda kupigana analipwa. Nikaingia ndani kwa kiherehere changu, nikatoka na bahasha yenye mikataba ya mwaka mzima, Salisbury, Beira, Blantyre, nikaifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Mniite mjinga, mna haki. Lakini kwanza mjue kwa nini nilisema kwao ni hapa.

Kwetu Wamwera mwanamume akioa hamchukui mke akaondoka naye. Yeye ndiye anayekuja. Anajenga kwenye ua wa mama mkwe, msimu wa kwanza analima shamba la mama mkwe, na tangu siku hiyo ukimuuliza kwao anataja kwa mkewe. Anayeendelea kutaja kwa mama yake tunamcheka, tunasema huyo hajaacha kunyonya.

Na kisimani walikuwa wameshaanza kunisema. Eti Mwantumu kaolewa na mpita njia, leo yuko Zanzibar kesho Blantyre, siku moja atapanda lori asirudi. Maneno yale yalinikaa kooni. Kwa hiyo Selestini aliponiuliza, sikumjibu Selestini. Niliwajibu wale wanawake wa kisimani.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Barua ililetwa na dereva wa lori mwezi wa Oktoba. Juu ilikuwa ya Kiingereza, chini Selestini ameandika Kiswahili kwa mwandiko mzuri wa kuudhi. Ausi anadaiwa shilingi mia nane na sabini, kodi ya mapato pamoja na faini ya kutotangaza. Na si kodi ya Nachingwea tu. Waliorodhesha kila ngumi aliyopigwa mume wangu mwaka ule, kila nchi, na chini wakaijumlisha.

Ausi alikuwa amejiwekea shilingi elfu moja. Aliziweka kwenye kopo la maziwa, na kila mtu uani alijua ni za kazi gani. Mama yake alikuwa bado upande wa Mreno, analimishwa pamba kwa nguvu na mgongo umeshakunjika. Nyapara wa kule alikubali kufumba macho akilipwa, na mwenye mtumbwi naye alitaka chake. Ilibidi mama avushwe kabla mvua hazijaanza, maana Ruvuma ikijaa hapiti mtu mpaka mwaka mwingine, na Ausi hakuamini kwamba mama yake ana mwaka mwingine.

Ausi alisomewa barua na mjomba wangu Kaimu, ndugu yake mama, ambaye ndiye mwenye kauli nyumbani kwetu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, nani amewaambia habari za Salisbury na Beira.

Nilikuwa nachambua mboga. Niliendelea kuchambua.

Ausi akasema anayejua mapato yake ni mtu mmoja, Hasani wa Marambo, aliyekuwa akimshikia gunia la mchanga wakati wa mazoezi na kwenda naye Blantyre. Mjomba akamwambia asiwe na haraka. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, jamani, nafasi pana kabisa. Sikusema.

Ausi alikwenda Marambo, akarudi na vifundo vya mkono vimevimba. Hasani alipoteza meno mawili ya mbele, na alikuwa hajui hata anapigwa kwa nini. Meno yale nadaiwa mimi mpaka leo. Kama Hasani unasoma, au unasomewa, ndiyo hivyo, ni mimi.

Sikuweza kukaa. Jumanne iliyofuata nilipanda lori hadi Nachingwea na hasira zangu zote. Selestini alikuwa amepewa chumba nyuma ya ghala moja la karanga, mabati juu, joto la kuoka mihogo. Sikumsalimia. Nilimuuliza ni ngumi gani aliyoirusha yeye kule Beira hata adai hela za Beira.

Hakukasirika. Watu wa aina ile hawakasiriki, ndiyo maana wanakukasirisha zaidi. Alinivutia kiti, akafungua kitabu.

"Dada, mgeni tunamtoza kwa alichopata hapa," alisema. "Mwenyeji tunamtoza kwa alichopata popote duniani."

Nikamwambia Beira walishamkata chao kabla hajavua hata glavu. Akaniomba risiti. Nikamwambia mwandaaji wa pambano alikata hela, hakutoa karatasi. Akasema basi kwa serikali hazikukatwa.

Nikamuuliza tena, taratibu, maana nilitaka nihakikishe masikio yangu ni mazima. Yaani mtu apigwe ngumi mara moja, nchi mbili zimle? Akasema sheria ya wanamichezo wageni ni ngumu kuelewa. Nikamwambia haikuwa ngumu hata kidogo, nimeielewa sana, na wizi mwingine wowote ningeuelewa vilevile.

Hapo alicheka kidogo, kisha akanieleza jambo lililonitoa jasho. Siku ambazo Ausi alikaa nchini zingeweza kubishaniwa, kwa sababu alitoka akaenda Blantyre na Zanzibar akarudi. Ukizitoa siku za safari, huenda asitimize miezi sita. Siku hazikumfunga.

"Kinachomfunga ni maneno yako," alisema. "Wewe ndiye uliyesema kwao ni Nanganga."

Nilitamani nimrukie. Lakini alikuwa anasema kweli.

Akaniambia maneno yaliyosemwa yanaweza kusemwa upya. Bwana Kodi mwenyewe, Mzungu mkubwa wao, alikuwa anakuja kusikiliza malalamiko Jumatano na Alhamisi. Nifike Alhamisi, nishike msahafu, niseme Ausi si wa pale, ni mgeni anayelala kwetu. Hapo angetozwa mapambano ya Nachingwea peke yake, shilingi sitini na tano, yaishe.

Sitini na tano. Nilirudi Nanganga juu ya magunia ya saruji najiona nimeshapata dawa.

Nilimwambia mama yangu, Zaina. Aliweka ungo chini. Akanikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa Kimwera analijua, kwamba mkwe akishaitwa mgeni na mkewe mbele ya watu, vitu vyake vinatolewa nje ya ua. Hakuna maneno mengine ya kuongeza. Hiyo ndiyo talaka yenyewe, na mjomba ndiye anayeitamka.

Nikasema ni maneno ya ofisini tu, Mzungu atayaandika, atayafungia kwenye sanduku, sisi tutaendelea na maisha yetu. Mama akasema kiapo hakijui ofisi wala jikoni.

Nikamwendea mjomba Kaimu nikamwomba twende wote, aseme kama mimi. Alinikatalia pale pale. Alisema yeye ndiye aliyempokea Ausi, kwa mkono wake, akamwonyesha pa kuchimba nguzo, na hana mdomo wa pili wa kumkana. Akaniuliza kama Ausi anajua ninachotaka kufanya. Nikainuka, nikajifunga kanga. Akasema usiende, Mwantumu. Nilitoka kwake natukana moyoni, namwona mzee anayependa heshima yake kuliko mama wa watu anayevunjika mgongo kwenye pamba.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia Ausi. Ningemwambia nini? Ili nimweleze kwamba maneno yangefutwa, ilibidi kwanza nimweleze yalitoka kwa nani. Kisha angeuliza habari za bahasha. Kisha angekumbuka meno ya Hasani. Nilipanga nimwokoe kimyakimya, nije nimwambie siku mama yake ameketi uani kwetu anakula ugali. Nilipanga hivyo, na nilijiona mwerevu sana.

Jumatano asubuhi Ausi na mjomba waliondoka pamoja. Ausi aliniambia wanakwenda Marambo kumwomba Hasani radhi. Nilifurahi. Hawakurudi siku ile, nikasema wamelazimishwa kulala. Alhamisi nilibeba kuku wawili, nikamwambia mama nakwenda kuwauza Nachingwea. Mama alitazama kuku, kisha akanitazama mimi.

Bwana Kodi alikuwa ameketi mezani shingo imeiva kwa jua. Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili tu, jambo na kesho. Kila nilichosema kilipitia kwa Selestini kwanza, na kila alichosema yeye vilevile. Msahafu ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cheupe. Nilitia udhu kwenye bomba la nje, nikaingia, nikauwekea mkono.

Nitawaambia nilichosema, neno kwa neno, kwa sababu niliahidi kusimulia yote hata yanayonitia aibu.

Nilisema, "Ausi ni mgeni. Analala kwetu kwa kuwa hana pa kulala. Nyumba ni ya mama yangu. Kwao ni ng'ambo ya Ruvuma."

Selestini alikuwa akitafsiri sentensi moja moja. Bwana Kodi akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaniuliza kama ni mume wangu. Nikasema tulikuwa tunakaa tu. Wallahi nilisema hivyo, mkono juu ya kitabu cha Mungu, na moyo wangu ulikuwa unahesabu, mia nane na sabini toa sitini na tano.

Bwana Kodi hakuandika. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine, akamsukumia Selestini aisome.

Selestini aliigeuza mbele na nyuma. Kumbe Jumatano alikuwa ametumwa benki, karatasi ile iliandikwa na karani mwingine, naye ndiyo kwanza aione. Aliisoma kwa sauti ndogo.

Ilikuwa ya jana. Ausi hakwenda Marambo. Alikuja pale, na mjomba Kaimu akiwa shahidi, akashika msahafu ule ule. Alisema hana kwao pengine popote. Kwao ni Nanganga, kwenye ua wa mama mkwe wake Zaina, alikojenga na anakolima. Alisema anajua kwamba kwa kusema hivyo atatozwa kodi ya mapato yote, ya hapa na ya nchi za watu, na atakuja kesho, mpokea hela akiwepo, kuilipa. Chini palikuwa na dole gumba la mume wangu.

Nilimuuliza Selestini ina maana gani mtu aje mwenyewe kuomba kukamuliwa.

Hapo ndipo alinieleza nusu ya pili. Kibali cha Ausi cha kukaa nchini kilikwisha mwezi wa Septemba. Akiandikwa mwenyeji mwenye mke na nyumba, kibali kinaongezwa. Akiandikwa mgeni, ana siku kumi na nne za kurudi kwa Mreno. Jumatatu Ausi alimkuta Selestini barabarani, akamuuliza habari za kibali, naye akamweleza yote mawili.

"Mimi mbona hukunieleza?" nilimuuliza.

"Hukuuliza habari za kibali, dada. Uliuliza habari za kodi."

Niliwahi kukasirika maishani, lakini siku ile nilijua kwamba hasira zile zote zilikuwa mazoezi. Alinivutia kiti! Alinifundisha na maneno ya kusema, akanipangia na siku, na kitu kimoja kilichobaki akakiacha mdomoni mwake kwa sababu sikukitaja kwa jina.

Na mume wangu, mnaona alichofanya? Waliweka mezani mama yake upande mmoja na mimi upande mwingine, akanichagua mimi. Alikubali kopo litupu, akakubali Ruvuma ijae, ili aendelee kuitwa mkwe wa Zaina. Mimi asubuhi hiyo hiyo nikaja na kuku wawili kumwita mgeni.

Nikasema nafuta maneno yangu. Selestini hakupata nafasi ya kutafsiri, kwa sababu mlango ulifunguliwa. Ausi na mjomba walikuwa wamefika kulipa. Ausi alikuwa na kopo kwapani. Aliponiona alitabasamu, akadhani nimemfuata.

Bwana Kodi alizungumza kwa muda. Selestini akageuka kwetu sote, na sauti yake haikuwa na upole tena.

"Bwana anasema ana viapo viwili juu ya msahafu mmoja. Huyu mama ameapa kwamba wewe ni mgeni, na wewe umeapa kwamba ni mwenyeji. Kimoja ni cha uongo, na kiapo cha uongo ni jela. Anauliza mwongo ni nani."

Ausi hakumtazama Selestini. Alinitazama mimi.

"Umesema mimi ni mgeni?"

Nilimwambia nilisema kwa ajili ya mama yake, ili avuke.

"Kwa msahafu?"

"Kwa msahafu."

"Umesema mbele ya watu hawa kwamba mimi si mumeo?"

Nilitaka kueleza. Nilikuwa na maelezo mengi, ya kisima na ya bahasha na ya shilingi sitini na tano, yakasongana mdomoni. Nikatikisa kichwa kukubali.

Ausi aliweka kopo mezani. Akasimama mbele ya Bwana Kodi kama alivyokuwa akisimama mbele ya refa, mikono pembeni.

"Mwongo ni mimi," alisema. "Mama huyu amesema kweli. Mimi ni mgeni kwao."

Mama huyu. Miezi mitano ya ndoa, hakuwahi kuniita hivyo.

Selestini alitafsiri upesi upesi. Bwana Kodi akamwita askari aliyekuwa barazani. Selestini akafungua kopo, akahesabu shilingi sitini na tano, akamrudishia mjomba Kaimu zilizobaki pamoja na stakabadhi. Nilichokwenda kukitafuta nilikipata chote.

Mjomba alishika kopo kwa mikono miwili. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba nitangulie nyumbani nikatoe vitu vya mgeni nje ya ua, yeye mwenyewe atakwenda ng'ambo na hela zile kumvusha mama yake Ausi. Nikamwambia Ausi anadanganya, mjomba, unajua anadanganya, ulikuwa shahidi wake jana. Akasema anajua. Akasema lakini mimi ndiye niliyeanza kulisema neno, na yeye amelipokea.

Askari alikuwa ameshamshika Ausi mkono. Sijui mpaka sasa ninavyoandika kama aliyasema yale ili nisiende jela, au aliyasema kwa sababu aliyaamini alipoyasikia kutoka kwangu. Niliusoma uso wake mpaka mlangoni na haukuniambia kitu.

Nikaigeukia meza. Niliipiga kwa viganja vyote viwili mpaka wino ukamwagika kwenye kitabu chao.

"Mwongo ni mimi," nilimwambia Selestini. "Mwambie Bwana wako. Ausi ni mume wangu, kwao ni Nanganga, na aliyeapa uongo ni mimi. Mwambie anifunge mimi."

Bwana Kodi aliinua kidevu kumuuliza Selestini nimesema nini.

Selestini alifuta wino kwenye vidole vyake. Kisha akamjibu kwa Kiingereza, maneno matatu au manne hivi, hayakuzidi. Mimi nilikuwa nimesema mengi zaidi ya hayo. Bwana Kodi akanitazama kwa huruma, akalifunga faili.